Ukuta wa mitandao ukumbini: heshtegi, WhatsApp, Slido au bango kitita?

Kazi yangu ni skrini. Ukumbini utanikuta nyuma kabisa, kwenye meza ya nyaya, kati ya DJ na mtu wa kamera, kompyuta mbili mbele yangu na sahani ya pilau iliyokwisha poa. Miaka ya karibuni kila kamati inayonipigia simu ina ombi lile lile: "Tunataka na ule ukuta, watu wakiposti picha zinatokea pale mbele." Nauliza, ukuta upi? Wanadhani nawazungusha ili nipandishe bei.

Siwazungushi. Jina ni moja, ila vitu ni vinne. Kuna ukuta wa heshtegi, unaovuta posti za Instagram na kwingineko. Kuna ukuta wa WhatsApp, ambao ukiuvua koti ni namba ya simu, mtu makini na slaidi. Kuna ukuta wa maswali, wa programu za akina Slido na Mentimeter. Halafu kuna ukuta wa karatasi, kadi za manila na bango kitita (yale makaratasi makubwa ya kufunua moja moja), ambao vijana wa matukio wanaudharau mpaka siku umeme ukatike.

Kabla hujachagua, jiulize mgeni anatuma kwa sababu gani. Waliokua na Redio Tanzania wanazijua kadi za salamu: unanunua kadi, unajaza majina ya unaowasalimu, unaipeleka posta, kisha unashinda karibu na redio siku nyingi ukingoja mtangazaji alitaje jina lako. Watu waliunda hadi vyama vya wapiga salamu. Hakuna aliyekuwa akilipwa. Ilitosha jina kusikika na jirani naye awe amesikia. Skrini ya ukumbini ni kadi ile ile, imepata umeme tu. Kwa hiyo mimi napima ukuta wowote kwa maswali mawili: jina la aliyetuma linaonekana? Na kuna mtu atakayelisoma?

Heshtegi: inapendeza kwenye maonyesho ya ofisini

Huduma hizi ziko nyingi, Walls.io ya Vienna ni mojawapo inayojulikana. Unalipia, unaunganisha akaunti, unaandika heshtegi yako (wengine husema alama ya reli), na posti zinajipanga kama vigae, zinaingia na kutoka zenyewe. Ukiwaonyesha kamati ofisini, wanaupenda papo hapo. Mimi mwenyewe naupenda.

Shida huanza ukumbini. Harusi moja niliyoifanya Dar es Salaam, heshtegi ilichapishwa kwenye kadi, kwenye vibao vya meza na kwenye pambo la nyuma ya maharusi. Mpaka keki inakatwa, ukuta ulikuwa na posti sita, nne za mpiga picha. Na si kwamba watu hawakupiga picha. Simu zilikuwa juu ukumbi mzima. Mmoja wa wasimamizi wa bi harusi akanijia, gauni amelishika mkononi: "Kaka, mbona yangu haitokei? Nimeandika na heshtegi." Nikamwomba simu nitazame. Akaunti ina kufuli. Nikazunguka meza mbili tatu nikiwauliza wengine. Wengi walikuwa wameweka picha zao WhatsApp, kwenye status, wachache kwenye stori ya Instagram. Ukuta wa heshtegi hauoni akaunti iliyofungwa, hauoni status, na stori hauiokoti kwa heshtegi. Unaona posti ya wazi tu, na sisi wengi tumeshafunga milango, hasa dada zetu, kwa sababu zao wanazozijua.

La pili ni lile la jina. Zamani Instagram iliachia programu za nje zichote karibu kila kitu. Mwaka 2018, baada ya sakata la Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia data za mamilioni ya watumiaji wa Facebook bila ruhusa yao, ikaanza kubana, na mlango wa zamani ukafungwa kabisa mwaka 2020. Mlango uliobaki una masharti: huduma ipitie akaunti ya biashara au ya mbunifu (mtengeneza maudhui), isitafute zaidi ya heshtegi 30 tofauti ndani ya siku 7, ipewe posti mpya za saa 24 zilizopita tu, na haipewi jina la aliyeposti. Soma hapo tena. Picha inapanda skrini, mwenyewe hatajwi. Kwa mtu aliyetuma ili jina lake lionekane, umempa bahasha tupu. Dawa ipo, na wauzaji wa huduma hizi hawana haraka ya kuitaja: waambie wageni waitagi akaunti ya shughuli kwenye picha. Picha iliyotagiwa huja na jina. Kwenye kibao cha meza, basi, jina la akaunti liandikwe kubwa, heshtegi iwe ndogo chini yake.

X, zamani Twitter, ni habari nyingine. Hadi mapema 2023 kusoma posti za huko kupitia programu kulikuwa bure, ndiyo maana kuta nyingi za zamani zilijengwa juu yake. Ukaja mfumo wa kulipia. Kifurushi cha chini kikaanza dola 100 kwa mwezi, na mwaka uliofuata kikapanda hadi 200. Huduma za ukuta zikabeba gharama hiyo au zikakuhamishia wewe. Na kwa Tanzania, X ilizuiwa Mei 2025, kwa hiyo kuitegemea kwenye shughuli ya Dodoma ni kuwaalika watu mlango wa nyumba iliyofungwa. Nairobi ni tofauti. Wakenya hoja zao huzimaliza kwa heshtegi, na mdahalo wa hadhara kule bado unaweza kuujaza ukuta kabla mzungumzaji wa kwanza hajakaa.

La tatu: heshtegi haina mlinzi. Yeyote aliye popote anaweza kuiandika. Kongamano moja la vijana niliacha posti zijipandishe zenyewe, nikaenda kutafuta maji. Niliporudi, nyuma ya mgeni rasmi palikuwa na mganga anayerudisha mpenzi aliyekimbia, namba ya simu kubwa kuliko nembo ya wafadhili. Watu hawa hupachika heshtegi yoyote inayochemka siku hiyo. Hawana habari na kongamano lako. Tangu siku hiyo siwashi ukuta wa heshtegi bila kuweka kila posti isubiri kukubaliwa kwanza. Na kabla ya kuchapisha, itafute heshtegi yenyewe. Ukichagua ya jumla kama #HarusiYetu utaletewa harusi za nchi nzima.

Sasa, isionekane naukataa. Mahali pake panajulikana: shughuli ya siku kadhaa, watu wake wako wazi mtandaoni na wanataka kuonekana na wasiowajua. Tamasha la namna ya Sauti za Busara kule Zanzibar, ambako nusu ya waliosimama mbele ya jukwaa wametoka mbali na wanaposti ili walioko kwao waone. Mbio ndefu za Moshi, kila mwenye medali anaposti kabla hajanywa maji. Mahafali ya chuo. Huko ukuta unaweza hata kuwekwa kwenye tovuti wiki nzima kabla na wiki baada, na ada uliyolipa inapata kazi ya kufanya.

WhatsApp: mafundi wanaona aibu kuuita ukuta

Inakwenda hivi. Unanunua laini mpya, unaweka WhatsApp Business, ambayo ni bure, na unaandika ujumbe wa kujibu wenyewe: "Karibu. Tuma picha au salamu zako, andika jina lako na meza." Unatengeneza kiungo cha wa.me chenye namba hiyo, unakigeuza kuwa msimbo wa QR, unakichapisha. Mgeni anaskani, WhatsApp inafunguka na maneno yameshaandikwa, yeye ni kutuma tu. Asiyejua kuskani anasevu namba. Mwenye kiswaswadu anatuma meseji ya kawaida kwenye namba hiyo hiyo, nayo inapanda.

Hakuna kinachojipandisha chenyewe. Kuna mtu anasoma, anachagua, anabandika kwenye slaidi. WhatsApp inaruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne kwenye akaunti moja, kwa hiyo naweza kuwa na mtu wa kamati anayewajua wageni, anachuja kwenye kompyuta yake, mimi naweka kwenye slaidi. Huyo mtu wa kamati ndiye mtambo wenyewe. Yeye ndiye anayejua kwamba "Baba Mkubwa wa Tanga" asipande baada ya "Jirani wa Zamani", na kwamba picha ile ya bwana harusi na mpenzi wa chuoni aliyoituma rafiki mcheshi haitapanda kamwe.

Ukiupima kwa maswali yangu mawili, unaizidi heshtegi mbali. Jina mtu anajiandikia anavyotaka kuitwa. Si @ na tarakimu nyuma yake, ni "Mama Zuhura, meza ya 9, namshukuru Mungu kwa siku hii". MC akilisoma, meza ya 9 inapiga vigelegele, na ndani ya dakika mbili meza ya 10 nayo imetuma. Bibi asiye na Instagram anao mjukuu wa kumtumia. Na walioko nje wanaingia: shangazi aliye Maskati, kaka wa Minnesota anayeamka alfajiri ili asikose. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe mfupi wa WhatsApp unapenya pale ambapo kuposti picha Instagram kunazunguka mpaka mtu anakata tamaa.

Hatari yake ni moja na ni mbaya: usiiweke WhatsApp yenyewe kwenye skrini. Kuna fundi mwenzangu aliionyesha moja kwa moja, tena ilikuwa namba yake ya kila siku. Katikati ya nasaha za wazazi, mbele ya ukumbi uliojaa, ikashuka juu ya skrini: "Boss ile hela ya viti lini sasa". Mwenye viti alikuwa mlangoni. Namba iwe mpya, na skrini zitenganishwe: kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kutanua (Extend), usichague kunakili (Duplicate). Yako ibaki na WhatsApp, ya ukumbini ione slaidi peke yake.

Kasoro ya pili ni mkono. Mtu mmoja anapandisha ujumbe mmoja kwa dakika, akijitahidi miwili. Kwa wageni mia tatu inatosha na kubaki. Uwanja wa mpira usijaribu.

Slido na Mentimeter: mkutano wenye bosi

Hapa hutafuti picha, unatafuta swali. Slido, iliyozaliwa Bratislava na kununuliwa na Cisco mwaka 2021, inampa mshiriki msimbo, anauliza bila akaunti na akitaka bila jina, wengine wanalipigia kura swali wanalolipenda, lenye kura nyingi linapanda juu. Mentimeter ya Stockholm ina nguvu kwenye kura na mawingu ya maneno. Matoleo ya bure yana kikomo cha washiriki, Slido 100 kwa tukio, Mentimeter 50 kwa mwezi, ukikizidi unalipa.

Jina hapa halionekani, na kwa mara hii ndiyo faida. Kwenye mkutano ambao mkurugenzi amekaa meza kuu, nani atanyoosha mkono aulize posho za Machi? Kwenye skrini, swali hilo hilo lisilo na jina linapata kura arobaini kabla chai haijaisha, na mkurugenzi hawezi kujifanya hajaliona. Nimeona pia upande wa pili: msimamizi akaogopa, akaanza kufuta maswali, watu wakaona yanapotea. Baada ya hapo hakuna aliyeandika tena. Kama wakubwa hawako tayari kuulizwa, usiuwashe.

Wingu la maneno nina ugomvi nalo. Programu inahesabu neno kama lilivyoandikwa, na Kiswahili hakitulii kwenye umbo moja. Uliza wananchi kero yao kubwa, utapata "maji", "hakuna maji", "shida ya maji", "maji hayatoki". Zote ni kero moja, ila kwenye wingu zinatawanyika vipande vidogo, na "barabara", ambayo watu wameiandika kwa neno moja tu, inajitokeza kubwa katikati. Mtu wa mradi anapiga picha anaondoka na jibu lisilo sahihi. Ukilitumia, waelekeze watu waandike jina la kitu, neno moja, au wape orodha wachague.

Kadi na bango kitita

Mkutano wa kijiji, kikundi cha wakulima, wazazi shuleni. Manila zimekatwa, kalamu nene ziko mezani, kila mtu anaandika wazo moja kwa herufi kubwa, anakwenda kubandika mwenyewe. Ile safari ya kutoka kitini hadi ukutani ina kazi ambayo skrini haiwezi: mtu amesimama mbele ya wenzake na wazo lake mkononi. Kadi zinazofanana zinasogezwa pamoja, na "shida ya maji" inakaa na "maji hayatoki" bila ubishi. Asiyejua kuandika anamwambia jirani, ila hakikisha jirani haandiki la kwake. Ukitaka kuzihifadhi, piga picha.

Kwa mwenye haraka, hivi ndivyo vinavyokaa ukiviweka bega kwa bega:

| | Heshtegi | WhatsApp | Slido, Mentimeter | Kadi |
|---|---|---|---|---|
| Mgeni anahitaji | akaunti ya wazi | WhatsApp au meseji | simu yenye intaneti | kalamu nene |
| Jina lake | Instagram haitoi, ila akitagi | anajiandikia | si lazima | akitaka |
| Mtandao ukikatika | posti za mwanzo zinazunguka | slaidi zilizopanda zinabaki | kimya | hakuna tofauti |
| Kinachokula pesa | ada ya huduma | mtu wa kukaa pale | ada watu wakizidi | manila, na muda |

Picha ya mtu ni ya mtu

Jambo hili kamati haziniulizi, na ndilo linaloweza kumpeleka mtu pabaya. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Skrini ya ukumbini si tangazo la baa, sawa, lakini siku hizi harusi inarushwa mubashara, na kilichopanda ukutani kimeingia YouTube.

Kwa hiyo kwenye kibao cha meza naweka mstari mmoja chini ya msimbo: "Ukituma, umekubali ionekane ukumbini na kwenye matangazo ya mubashara." Picha za watoto za kupiga kwa karibu sipandishi mpaka mzazi aseme ndiyo. Na zile namba mia mbili zilizobaki kwenye simu baada ya shughuli si zangu wala si za kamati, nafuta. Mwenyekiti mmoja aliziomba aziingize kwenye grupu la kuuza viwanja. Nilimwambia laini imepotea.

Upande wa vifaa sitakaa sana. Theluthi ya chini ya skrini ni ya vichwa vya watu. Maneno yapande juu. Herufi zisomeke kutoka meza ya mwisho, nenda ukasimame pale kabla wageni hawajafika. Usitegemee Wi-Fi ya ukumbi, beba bando lako, tena la mitandao miwili. Mweke MC kwenye mpango mapema, apewe dakika tano kila baada ya kipindi asome yaliyopanda. MC asiposoma, hata ukuta wa dola mia tatu utakuwa pambo. Msibani, mimi siweki chochote. Rambirambi zina kitabu chake na watu wake wa kuzisoma.

Jumamosi hii nina harusi Tabata. Kamati ilishachapisha heshtegi kwenye kadi zote kabla hawajanipigia. Nimewaambia waiache, mpiga picha ataitumia. Laini mpya nimenunua, imesajiliwa, msimbo umeshapelekwa kwa mchapishaji, na binamu wa bi harusi, anayeijua familia mpaka wajukuu, ndiye atakayechuja. Ujumbe wa kwanza umeingia jana usiku, shughuli bado siku tatu. Umetoka Maskati. Si picha wala maandishi, ni sauti, sekunde arobaini za vigelegele vya shangazi, jina la bi harusi katikati. Kwenye slaidi hauwezi kukaa. Nimempigia DJ aniachie waya mmoja.